Nilivyoilaza Mihogo ya Mama Neema

Njoroge, na ninyi wengine mnaobaki na pikapu yangu na bustani zangu, someni hii kabla theluji haijayeyuka. Ikishayeyuka hamtapata nafasi ya kusoma hata majina yenu. Mimi Papa Safari nimestaafu. Daktari wa Minneapolis alitazama picha ya magoti yangu, akanitazama mimi, akaniuliza kama ni mtu wa kusali sana. Nikamwambia, daktari, nimepiga magoti katika bustani za nusu ya mji huu, Mungu ananifahamu kwa mgongo. Akaandika nipumzike. Basi nimepumzika, na mtu akishapumzika mikono, mdomo ndio unaoanza kazi.

Niseme wazi, maana nani atanisemea? Katika miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul, hakuna Mwafrika anayejua bustani ya nyumbani kunipita mimi. Labda yuko, lakini kama yuko mbona hajaja kunisalimia? Shuleni niliishia darasa la nne, kule Fizi, Kongo, kisha vita vikatufungia vitabu. Lakini leo nikipita na pikapu, watu wanatoka nje na slipa wakinipungia mkono, wananiuliza kwa nini nyanya zao zina makalio meusi. Nawajibu dirishani bila kuzima gari. Ni maji, nawaambia. Mnazinywesha kama walevi, leo pipa, kesho kiu.

Nianze mwanzo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Saint Paul, kwa mzee mmoja wa Kimarekani aitwaye Arvid, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa mpaka mgongo ukamkatalia. Mtu wa kanisani alinipeleka kwake. Kiingereza changu kilikuwa “yes” na “thank you”, na hizo mbili nilizitumia kwa kila swali. Arvid akanionyesha kipande cha bustani, akafanya alama ya kung'oa magugu, kisha akaingia ndani kupika kahawa.

Nikatazama. Sikuamini. Lenga-lenga, mchicha wetu wa nyumbani! Imejiotea yenyewe, nene, laini, haina mwenyewe, wakati mke wangu alikuwa anaililia tangu tushuke ndege. Na kando yake kulikuwa na majani fulani yenye manyoya, ambayo hata mbuzi angeomba radhi na kupita. Kwetu mtu halimi kitu asichokula. Nikafikiri kama binadamu mwenye akili: nikang'oa manyoya yote, nikaacha lenga-lenga peke yake, nikaipalilia vizuri, nikainywesha maji. Ilipendeza!

Arvid akatoka na vikombe viwili. Akasimama mpaka kahawa ikapoa. Halafu akaketi chini kwenye nyasi na kucheka huku ameshika mgongo, akiniashiria nisimchekeshe zaidi. Kumbe manyoya yale ndiyo maua aliyoyalea miaka, na lenga-lenga ndiyo gugu. Nikaibeba yote nyumbani. Mke wangu akaipika na karanga, kesho yake nikampelekea mzee bakuli. Akala, akapangusa bakuli kwa mkate. Baadaye watu walinidhihaki sana kwa habari hiyo, lakini mpaka leo naamini mimi nilikuwa sahihi. Bustani ndiyo iliyokosea.

Arvid ndiye aliyenifundisha baridi. Kulima nilikuwa najua, hilo sikufundishwa na mtu. Lakini baridi ya huku ni mnyama mwingine, na mzee yule alikuwa anajua njia zake zote. Alinifundisha kuanza mbegu mwezi wa tatu ndani ya besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, na taa juu yake, wakati nje barafu bado inavunja watu viuno. Alinifundisha kwamba mche uliolelewa ndani hautolewi nje siku nzima mara moja. Unautoa kidogo, unaurudisha, kesho unauacha kidogo zaidi. Nikamwambia nimeelewa, hata sisi tulipofika kutoka kambi ya wakimbizi ilitakiwa tutolewe hivyo hivyo. Alinifundisha nisidanganyike na jua la mwezi wa nne, jua lile ni la picha tu. Ngoja kile kichaka cha maua ya zambarau chenye harufu ya sabuni nzuri kichanue ndipo utoe nyanya. Kimenisaidia kuliko simu.

Habari ya vifaa nitasema kidogo. Jembe la huku limetengenezwa kwa ajili ya kukuna ardhi mgongo. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea kipande cha chuma, nikachora kwa chaki, akanitengenezea jembe la kwetu. Limo ndani ya pikapu, na ole wake atakayelitumia kupakulia theluji. Njoroge, wewe najua ulishafanya hivyo. Uma wa kulimia, ule wa meno manne, ni wa Arvid. Aliniachia yeye mwenyewe. Mpini nimebadilisha, meno ni yale yale.

Na uma huo ndio ulionifundisha kazi kubwa kuliko zote. Ilikuwa mwezi wa kumi wa mwaka ule wa kwanza. Arvid akaniambia nichimbe mtaro kando ya waridi lake, wa urefu wa mtu. Nikachimba. Lakini mtaro mrefu mwembamba, mimi nimeiona mingi, na haijawahi kuwa na habari njema. Nikavua kofia, nikamuuliza kwa ishara na kwa huzuni ni nani aliyefariki.

“Hakuna aliyekufa,” akasema. “Tunamlaza.”

Alilifunga waridi kwa kamba, matawi yote pamoja kama kuni. Akachoma uma upande mmoja tu wa mizizi, akalegeza udongo, akaenda hatua nyingine, akalegeza. Upande wa pili hakuugusa. Kisha akaniambia nilisukume kwa kifua, polepole. Likainama na mizizi yake ikingali ardhini, likalala ndani ya mtaro kama mgonjwa kitandani. Tukalifunika udongo, na juu yake majani makavu. Nikawaza, basi, kwaheri. Mwezi wa nne tukalifukua, tukalisimamisha, na mwezi wa sita lilikuwa na maua makubwa kama sahani za chai. Kumbe ardhi ina joto lake! Hewa inaua, udongo unatunza. Msikilizeni Arvid: anayesimama ndiye anayepigwa.

Alinifundisha pia kusikiliza. Mzizi unaovumilia unalia krr, krr, kama mlango wa zamani. Unaokaribia kukatika unanyamaza kwanza. Ukisikia kimya, acha kusukuma. Mzee yule ametangulia, lakini kila nikisikia krr nageuka kutazama kama yupo.

Miaka ikaenda. Nikapata pikapu, nikapata wateja, nikampata Njoroge, Mkenya anayefanya kazi hospitali na ambaye siku zake za mapumziko alikuja kunisaidia, kwa sababu alisema wagonjwa wanaongea sana na kabichi hazisemi. Hayo mnayajua, nayapita. Nataka niwaambie habari ya Mama Neema, kwa sababu Njoroge anaisimulia vibaya na kujiweka katikati.

Mama Neema ni mjane wa kwetu Fizi. Anakaa mtaa wa Phillips, hapa Minneapolis, chini kwenye nyumba ya ghorofa moja, na nyuma ya jiko lake kuna kiwanja ambacho mwenye nyumba alimruhusu kulima. Binti yake Neema alichumbiwa na kijana aliyelelewa na shangazi yake huko Kentucky. Huyo shangazi anaitwa Vumilia, na jina hilo ni kwa ajili ya wengine.

Kwao wana desturi. Kabla ya siku ya harusi, mashangazi wa bwana harusi wanaingia shambani kwa mama wa binti, wanachuma sombe, yaani majani ya muhogo, pamoja na bibi harusi, kisha binti anaitwanga mbele yao. Chakula cha kwanza cha wakwe ni hicho. Wanasema mkono wa binti unaonekana kwenye sombe, na mkono wa mama unaonekana kwenye shamba. Sasa, muhogo huko Minnesota? Nilikuwa nimeketi jikoni kwa Mama Neema siku Shangazi alipopiga simu, na simu ilikuwa mezani, inasikika nyumba nzima.

“Mama mkwe, usijisumbue,” Shangazi akasema. “Hata kama ni ile ya mfuko, ya barafu ya dukani, tutakula tu. Watoto wa Amerika tunawajua.”

Mama Neema akasema aksanti. Simu ilipokatika akaendelea kuitazama.

“Kambini sikukuwa na shamba,” akaniambia. “Hapa sikukuwa na shamba. Mtoto wangu hajachuma jani moja kwa mama yake. Watakuja kuniuliza, shamba la mama liko wapi? Niwaonyeshe friji?”

Mimi nikasimama. Nikafungua pazia. “Liko hapo. Mwezi wa tisa watachuma hapo, na wakitaka wachume mpaka wachoke.”

“Papa Safari, muhogo unataka mwaka mzima.”

“Mizizi inataka mwaka. Wewe unataka majani. Majani nitakupa.”

Na Jumapili iliyofuata nilimnyang'anya shemasi kipaza sauti wakati wa matangazo, nikalitangazia kanisa zima kwamba sombe mbichi itachumwa Minneapolis. Mchungaji akasema amina, lakini ilikuwa amina yenye alama ya kuuliza.

Ndugu mmoja alituletea vijiti vya muhogo kutoka Florida. Nikaviotesha kwenye ndoo ndani ya besimenti yangu Burnsville, karibu na tanuri la kupasha nyumba joto, taa juu. Kichaka cha zambarau kilipochanua nikasubiri tena kidogo, kwa heshima ya muhogo, kisha nikapanda nyuma ya jiko la Mama Neema, na juu ya udongo nikatandika plastiki nyeusi ili jua lipikie chini. Mwezi wa saba wa huku, watu wasichojua, una joto la kutosha kumshinda hata mtu wa Uvira aliyezaliwa na joto. Mihogo ikapanda! Mwezi wa nane ilinipita kimo, na mimi si mfupi, asikudanganye mtu. Wamama wa kanisa walikuja kuipiga picha kama mtoto mchanga. Neema naye, ambaye mama yake akimwita kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, alikuwa anashinda garaji na kinu, anajifunza kutwanga, na kucha zake amezikata mwenyewe bila kuambiwa.

Halafu, harusi ikiwa bado zaidi ya wiki moja, Njoroge akanipigia mchana.

“Mzee, umeona weather? Leo usiku inashuka. Frost kila mahali.”

Jalidi. Ule unga mweupe unaokuja bila sauti, na asubuhi kila jani ni jeusi kama limechemshwa. Muhogo hauvumilii hata kidogo. Nikafika Phillips nikiwa nimevaa viatu vya nyumbani. Mama Neema alikuwa katikati ya mistari na beseni.

“Nichume yote?”

“Ukichuma leo yatanyauka kabla wageni hawajawasha gari Kentucky.”

“Niweke barafuni?”

“Ukiweka barafuni umempa Shangazi neno alilosema.”

Akaweka beseni chini. Hakulia, na ingekuwa afadhali alie, maana mimi nina dawa ya mtu anayelia, naimba. Njoroge alifika na mashuka ya kufunika. Tukaifunika miwili mitatu, upepo ukaivua mbele ya macho yetu. Ilikuwa mirefu mno. Shuka moja lilikwenda likakaa juu ya gari la jirani.

“Mzee, hii imetushinda,” Njoroge akasema. “Tumwambie huyu mama ukweli.”

Nikaketi juu ya ndoo. Nikatazama uma wa Arvid ukiwa umechomekwa ardhini. Na nikuambie, mwili wote ulinisisimka kama mtu aliyeitwa jina lake uwanja wa ndege.

“Tunailaza,” nikasema.

“Tunalaza nini?”

“Mihogo.”

“Mzee, hii si rose! Hii ni chakula!”

“Kwani chakula hakilali? Chukua uma.”

Mama Neema akaja mbio. “Papa Safari, unang'oa mihogo ya mtoto wangu?”

“Sing'oi, Mama. Nailaza. Shika kamba.”

“Nani ameshafanya hivi kwa muhogo?”

“Hakuna,” nikasema. “Ndiyo maana umeniita mimi.”

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Njoroge akachimba mitaro, Mama Neema na binti yake wakafunga matawi kwa vitambaa vya vitenge, mimi nikalegeza upande mmoja na kusukuma kwa kifua. Yote niliielekeza upande mmoja, kwenye mlango wa jiko, ambako ukuta unatunza joto la mchana. Krr, krr. Nilikuwa nimefunga macho, nasikiliza. Mmoja ukanyamaza nami nikachelewa kuacha. Ukavunjika, paa! Mama Neema akapiga kelele kwa jina la Yesu. Nikamwambia nimeuvunja makusudi ili mingine iogope. Njoroge akageuka akitazama ukuta, mabega yanatikisika.

Mingine yote ililala. Sasa tuifunike kwa kitu gani? Mashuka ni mepesi. Mama Neema akapiga simu moja tu, na mnajua wamama wa kwetu. Walikuja na yale mablanketi mazito yenye picha za chui na simba, ambayo kila nyumba ya Mkongomani anayo na hakuna anayekubali kuyatupa. Tukatandika chui, simba, na tausi mmoja, na kingo zote tukazikandamiza kwa mifuko ya nyasi kavu kutoka kwenye pikapu. Kiwanja kikawa kama mbuga ambayo wanyama wote wamelala. Mzungu mmoja alipita na mbwa wake, akasimama kwenye uzio, akauliza kama kila kitu kiko sawa.

“Wamelala,” nikamwambia. “Tafadhali, mbwa asibweke.”

Akaondoka akinyata. Neno langu la kweli.

Asubuhi nilikuwa pale jua likichomoza. Phillips yote ilikuwa nyeupe: paa, magari, nyasi. Nyanya za jirani zilikuwa zimeshika weusi, zinaning'inia kama nguo za maiti. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na koti juu ya gauni la kulalia, hataki kutoka. “Fungua wewe,” akasema. Nikapiga magoti yangu haya haya mabovu, nikashika sikio la chui, nikalifunua. Mvuke ukanipanda usoni, wa joto, kama mtu aliyefunua sufuria. Chini yake, kijani! Kijani, jamani! Jani moja moja lilikuwa limekunjika, mengine yote yalikuwa yanang'aa. Mama Neema akapiga vigelegele mpaka taa za nyumba ya jirani zikawaka, na Njoroge, mtu mzima mwenye cheti cha hospitali, akaanza kurukaruka juu ya barafu na kuanguka.

Tuliiacha imelala siku chache mpaka baridi ikapita na joto likarudi, maana huku baridi ya kwanza huja kupima tu, halafu inarudi nyuma kuvuta pumzi. Tukaisimamisha, tukaikanyagia udongo, tukaifunga kwenye miti. Lakini muhogo una kiburi, kama mimi. Ukishalala haukubali kunyooka wote. Kila siku tuliuvuta, kila siku ulirudi. Yote ilibaki imeinama upande ule ule, kwenye mlango wa jiko.

“Mzee, imelewa,” Njoroge akasema.

Nikamwambia afunge mdomo na kamba.

Mashangazi wakafika. Walikuwa watatu, na Shangazi Vumilia mbele, mwanamke mrefu mwenye koti na mkoba, anatembea kama mkaguzi wa daraja. Walipitia ndani, jikoni, wakafungua mlango wa nyuma. Akasimama kizingitini. Mbele yake mistari ya mihogo, majani mapana, kijani mpaka kwenye uzio, na nyuma ya uzio miti ya Amerika imeshaanza kuwa myekundu. Mama Neema alikuwa ameshika vidole vyake mwenyewe. Kisha Shangazi akainamisha kichwa upande mmoja.

“Mama mkwe,” akasema, “mbona mihogo yenu yote imeinama hivi?”

Mama Neema akanitazama. Njoroge akatazama viatu. Nami nikasikia mdomo wangu ukijibu kabla sijauruhusu:

“Inawasalimu wakwe, Shangazi. Kwa Mama Neema hata shamba limefundishwa adabu.”

Na Neema, ambaye nilifikiri Kiswahili kinapita juu ya kichwa chake, akatoka nyuma ya mama yake, akapiga goti moja kwenye udongo na gauni lake safi, akasema, “Shikamoo, Shangazi. Karibu shambani kwa mama.”

Shangazi akamtazama, akatazama mihogo, akamtazama tena. Akaanza kucheka kutoka tumboni, akamwinua binti kwa mikono miwili, akamkabidhi mkoba wake Njoroge kama mtu wa hoteli. Wakaingia shambani. Nilimwona akichuma jani la kwanza, akalifinya, akalinusa, akawaambia wenzake kwa sauti:

“Hii haijawahi kuona barafu.”

Nilinyamaza. Mimi! Njoroge ni shahidi, ndiyo mara pekee.

Sombe ilitwangwa, ililiwa, na bibi harusi alisifiwa mkono mpaka mama yake akaenda kujificha bafuni na kurudi amenawa uso. Lakini mimi nilijua tumeshinda baadaye, wakati Shangazi alipoligonga dirisha la pikapu yangu nikiwa naondoka. Hakusifu. Watu kama yeye hawasifu, nami nawaheshimu. Alisema tu, “Baba, nikatie vijiti.” Nikamkatia mwenyewe, nikamfungia kwa gazeti lenye maji. Sasa Kentucky kuna mihogo inayotoka mkononi mwangu, na nasikia anawaambia watu huko kwamba ni mbegu ya kwao Fizi. Vijiti vilitoka Florida, lakini mkono ni wa Fizi. Sikumsahihisha.

Njoroge, vijiti vyenu viko besimenti kwangu, ndani ya sanduku la mchanga, mbali kidogo na tanuri. Mke wangu anajua mahali. Vimwagilieni kidogo kidogo, na mwezi wa tatu vitieni kwenye ndoo. Mama Neema sasa anapanda kila mwaka, na anawataka ninyi, mimi ameniwekea kiti cha plastiki cha kukalia nikiwaelekeza. Mihogo yake ya sasa ingeweza kusimama wima kama askari, maana tangu mwaka ule baridi haijatushtukiza tena. Lakini hataki. Mkifika kupanda atawaambia mwenyewe, na msibishane naye: pandeni kila kijiti kimeinama, kinatazama mlango.